Mbuzi ya Kukunia Nazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiulizwa maswali yale yale kuhusu mbuzi: wanafunzi wanaotunga insha huniuliza, wageni wanaohamia Mombasa kutoka bara huniuliza, na siku hizi hata vijana wa Mji wa Kale, ambao nazi huletewa ikiwa imeshakunwa, nao huniuliza. Nimeyakusanya hapa. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili, na mengine yananilazimu nikae kitako.

Mbuzi ya jikoni ni nini hasa?

Ni kifaa cha kukunia nazi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kibao cha kukalia, ambacho aghalabu hukunjwa na kukunjuliwa kwa kuwa kimetengenezwa kwa mbao mbili zinazopishana. Ya pili ni kipande cha chuma kilichopigiliwa kwenye ncha ya ubao, kikachomoza mbele na kuishia kwa ubapa wa mviringo wenye meno. Mkunaji hukaa juu ya kibao, huweka sinia au bakuli chini ya chuma, hushika kizio cha nazi, yaani nusu ya nazi iliyovunjwa, kwa mikono yote miwili, kisha hukizungusha juu ya meno hadi nyama nyeupe yote idondoke chini. Mbao zake zinavyopishana hukumbusha marufaa ya kuwekea msahafu, na fundi stadi huweza kuzichonga zote mbili kutoka katika ubao mmoja, zikashikana zenyewe bila msumari wala bawaba. Anayeona mbuzi ya namna hiyo ikikunjwa na kutundikwa ukutani huelewa mara moja kwamba ilibuniwa kwa ajili ya jiko lenye nafasi ndogo.

Je, tuseme "mbuzi wa kukunia nazi" au "mbuzi ya kukunia nazi"?

Tuseme "mbuzi ya kukunia nazi". Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi kuliko mengine yote, na ndilo ninalolijali zaidi, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ufunguo wa neno lenyewe.

Mnyama hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai: mbuzi huyu amekula, mbuzi hawa wamekula. Kifaa hufuata ngeli ya I-ZI: mbuzi hii imeingia kutu, mbuzi hizi zimeingia kutu. Neno ni moja, sauti ni moja, tahajia ni moja. Kinachozitenganisha maana hizo mbili ni silabi ndogo inayotangulia kitenzi. Hilo nililijua kwa sikio kabla sijafundishwa sarufi. Nyumbani kwetu Kibokoni, katika siku zinazokaribia Idi ya kuchinja, mbuzi wote wawili walikuwa wakitajwa katika saa moja. Bibi akiuliza kutoka jikoni, "Mbuzi keshaletwa?", tulijua kwamba anamuulizia mnyama aliyekuwa akitarajiwa kutoka kwa mchinjaji. Akiuliza, "Mbuzi ishaletwa?", mmoja wetu aliinuka mbio kwenda kwa jirani aliyekuwa ameiazima. Sikumbuki hata mara moja kwamba mtu alichanganyikiwa.

Jambo hili si la mbuzi peke yake. Ndege ametua mtini, lakini ndege imetua katika uwanja wa Moi. Vifaru wamenywa maji mtoni, lakini vifaru vya jeshi vimepita barabarani. Kiswahili kina desturi ya kukipa chombo jina la kiumbe, kisha kukivua uhai wake kwa upatanisho. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "mbuzi wa kukunia nazi amevunjika" amefanya kosa ambalo ni zaidi ya kosa la ngeli, kwa sababu msomaji anaachwa na mnyama aliyevunjika akiwa na kizio cha nazi mdomoni.

Lipo jambo moja la kuangalia. Kimilikishi katika wingi si shahidi wa kutegemewa, kwa sababu twasema "mbuzi zangu wamepotea" kwa wanyama, kama tusemavyo "rafiki zangu wamefika". Kitazameni kitenzi.

Kwa nini kifaa hiki kiliitwa jina la mnyama?

Hapa hutolewa maelezo mawili, na yote mawili yana watetezi.

La kwanza ni umbo. Kibao kikikunjuliwa husimama kwa miguu, mgongo wake huwa mahali pa kukalia, na chuma hunyooka mbele kama shingo iliyobeba kichwa kidogo. Ukikiona kutoka ubavuni, hasa kile cha zamani ambacho chuma chake kimepinda juu kidogo, huhitaji kuambiwa mara mbili.

La pili ni kazi. Meno ya chuma huitafuna nazi kidogo kidogo, kwa haraka, kama mbuzi anavyotafuna majani ya ua wa jirani. Wanaolipenda elezo hili husema kwamba mnyama mwingine yeyote mwenye miguu minne angefaa kwa umbo, lakini ni mbuzi aliyechaguliwa kwa sababu ya mdomo wake usiotulia.

Mimi ninaegemea elezo la umbo. Sababu yangu ni kwamba mafundi wa mataifa mengine yenye minazi wametazama kifaa cha aina hii wakaona mnyama vilevile. Wathai hukiita sungura, na baadhi yao hukichonga kibao kizima kwa sura ya sungura aliyechuchumaa, meno ya chuma yakatokeza kinywani mwake. Mtu anayekaa juu ya kitu chenye miguu na shingo hukitafutia jina katika zizi lake, na katika nyumba za pwani yetu mnyama aliye karibu zaidi, na mdogo wa kutosha kulingana na kibao, ni mbuzi. Hata hivyo, silifukuzi elezo la meno. Huenda umbo ndilo lililolizaa jina na meno yakalithibitisha kila siku.

Je, neno "mbuzi" limetoka katika Kiarabu?

La. Ni neno la Kibantu, na la kale sana. Wakikuyu husema mbũri, Wakamba husema mbui, Waganda husema embuzi, Washona husema mbudzi na Wazulu husema imbuzi, na lugha hizo hazikukopa kwetu wala sisi hatukukopa kwao; sote tumelirithi. Kilicho cha pwani ni ile maana ya pili. Kule kusikoota mnazi, mbuzi amebaki kuwa mnyama.

Na kifaa chenyewe, je, ni cha hapa kwetu?

Jina ni letu. Kifaa tunakishiriki na bahari nzima. Vifaa vya kukunia nazi vyenye chuma na mahali pa kukalia vinapatikana Kerala na Goa nchini India, Sri Lanka, Thailand, na hata katika visiwa vya Pasifiki kama Samoa. Mnazi nao umesafiri. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina koo kuu mbili, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na kwamba katika Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki koo hizo zimechanganyika, jambo linalohusishwa na mabaharia waliovuka kutoka Kusini Mashariki ya Asia. Mahali palipofikiwa na nazi kutoka pande mbili za bahari, si ajabu kwamba namna ya kuikuna nayo ilifika au ilibuniwa upya kwa sura inayofanana.

Je, "mbuzi" na "kibao cha mbuzi" ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kila siku, ndiyo. Wazee wachache niliowasikia hutenganisha: mbuzi kwao ni kile chuma, na kibao ni ubao unaokibeba, ndiyo maana hupeleka kibao kwa seremala na mbuzi kwa mhunzi. Huo ni utenganishaji mzuri, na ningependa udumu. Lakini usitaje kibao peke yake ukadhani umeeleweka, kwani katika jiko la Mombasa kipo pia kibao cha kusukumia chapati, na nje ya jiko kibao ni kofi, ni kipande cha mbao chenye maandishi, na ni wimbo uliopendwa.

Je, matumizi haya ni ya Kiswahili sanifu au ni ya Kimvita tu?

Ni sanifu. Mkutano uliofanyika hapa Mombasa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, maneno mengi ya Kimvita yaliachwa nje ya mlango, lakini hili halikuwa na shida kwa kuwa Unguja nako hukuna nazi kwa mbuzi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inazo maana zote mbili.

Ni maneno gani mengine yanayoandamana na mbuzi?

Ni mengi, na ninaomba msomaji anivumilie, kwa sababu neno hili halikai peke yake. Limeshikana na mengine tangu shambani hadi sufuriani, na anayelijua moja bila mengine hajalijua vizuri.

Tunda la mnazi hubadilisha jina kadiri linavyokua: huwa kidaka, kisha kitale, kisha dafu lenye maji matamu na nyama laini, kisha koroma, na mwisho nazi. Mbuzi huihitaji nazi. Dafu halikunwi, nyama yake huliwa kwa kukomba. Koroma nalo limekwisha kupoteza utamu wa dafu ilhali halijapata mafuta ya nazi, na tui lake ni jepesi.

Nazi kavu hufuliwa, yaani huondolewa makumbi, kwa kuchomwa na kusokotwa juu ya kifuo, ambacho ni mti au chuma chenye ncha kilichosimamishwa ardhini. Ni kitenzi "fua" hichohicho kilichotupatia msemo wa kufua dafu. Mtangazaji wa mpira anaposema kwamba timu ya wageni haikufua dafu, anataja kazi ya shamba la minazi bila kujua: kumbi la dafu ni bichi, limejaa maji, na hung'ang'ania tunda kuliko kumbi kavu la nazi, kwa hiyo asiyeliweza ameshindwa na kazi ya mikono. Na tazama tena kifaa chetu. Chuma cha mbuzi kilifuliwa na mfua chuma, na nazi inayokunwa juu yake ilifuliwa na mfua nazi. Kitenzi kimoja kimekutana mara mbili juu ya sinia moja.

Nazi iliyofuliwa huvunjwa, ikatoa vizio viwili. Kizio hukunwa. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya uvuguvugu, ikapondwapondwa kwa mkono na kukamuliwa katika kifumbu, mfuko mdogo uliosukwa kwa ukindu, ambao sasa umepisha chujio la plastiki na kitambaa. Kinachotoka kwanza, kikiwa kizito na chenye mafuta, ni tui la kasimile. Kinachofuata baada ya kuongeza maji ni tui jepesi. Wali huanza kupikwa kwa jepesi na kumaliziwa kwa zito, na mbaazi za kulia mahamri asubuhi hazina ladha yake kama tui zito halikutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, na kukorogwa bila kuacha ili lisikatike. Masalio ni machicha, ambayo kuku wa uani huyangoja. Kifuu kilichobaki kitupu hakikutupwa: kilitiwa mpini kikawa upawa wa kuchotea mchuzi, au kilitiwa motoni.

Ninayataja yote haya kwa sababu watoto wengi niliokutana nao wanalijua "tui" na hawalijui "kifumbu", wanaijua "nazi" na hawalijui "koroma". Hayo ni maneno ya mikono. Yanafundishwa na yule anayekutuma umletee kitu.

Je, kuna methali au misemo inayohusu mbuzi ya jikoni?

Misemo mashuhuri yote yenye neno mbuzi ninayoifahamu ni ya mnyama. Mbuzi wa kafara, kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kumpigia mbuzi gitaa, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, mbuzi kufia kwa muuza supu: hakuna hata mmoja unaohusu kibao, na upatanisho unathibitisha. Mwalimu mmoja aliwahi kubishana nami kwamba ule wa gunia ni wa kifaa, kwa kuwa kifaa ndicho kinachoweza kuwekwa guniani. Sikukubaliana naye. Kinachomponza mnunuzi katika msemo huo ni kununua asichokiona, na mbuzi aliye hai, awe mgonjwa au mzima, ndiye anayehitaji kukaguliwa kabla ya kulipiwa.

Methali inayosogea karibu zaidi na mbuzi yetu ni ya nazi: nazi mbovu harabu ya nzima. Maana yake jikoni ni halisi kabisa. Ukikuna nazi tatu juu ya sinia moja na ya tatu ikawa imeoza, zile mbili za kwanza zimekwenda nayo. Ndiyo maana tulifundishwa kuvunja nazi zote kwanza, kuzinusa moja baada ya nyingine, na kuonja kipande kabla ya kukaa juu ya kibao.

Je, kuna namna sahihi ya kukuna?

Ipo, na inaonekana kwenye rangi ya tui. Anza pembezoni mwa kizio, ukizungusha, kisha uingie katikati. Usikae mahali pamoja ukachimba. Ukifika karibu na kifuu, acha. Ile ngozi nyembamba ya kahawia iliyo kati ya nyama na kifuu ikikunwa pamoja na nyama hulitia tui weusi, na bibi alikuwa akijua nani amekuna kwa kuangalia sufuria tu. Mkono usukume kwa mwendo mfupi. Anayebonyeza kwa nguvu hupata vipande vikubwa visivyotoa tui, na mara nyingine hujikata kidole.

Wanawake wa zamani walikaa upande, miguu yote ikielekea kushoto au kulia, leso ikiwa imefungwa vizuri. Wengine hupanda kibao miguu huku na huku. Yote mawili yanakuna.

Mbuzi hutunzwaje?

Osha chuma mara baada ya kazi na ukipanguse hadi kikauke, kwa kuwa mafuta ya nazi huchacha na unyevu wa pwani huleta kutu. Meno yakiisha makali, yanolewe kwa tupa, jino baada ya jino. Kibao kisianikwe juani kutwa, kitapasuka. Na kikunjwe kila kinapomaliza kazi, chuma kikielekea ukutani, hasa katika nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Mbali na tui, mbuzi hutumika kwa nini?

Nazi iliyokunwa na isiyokamuliwa huingia katika kashata, katika chatini ya nazi inayoliwa kwa bajia na viazi karai, na katika vyakula vingine vitamu vya nyumbani. Kibao chenyewe, kikiwa hakina kazi, ni kiti cha mpishi.

Je, kuna vyombo vingine vya jikoni ambavyo majina yake yamebeba maana zaidi ya moja?

Vipo. Mwiko ni wa kusongea ugali, ni wa mwashi kupakia saruji, na ni jambo lililokatazwa. Kata ni ya kuchotea maji mtungini, na ni ile ya nguo au majani inayowekwa kichwani ili kubeba mzigo. Kinu kimekwenda mbali kuliko vyote: kilianza kwa mchi na mpunga, kikawa kinu cha kukamulia mafuta, na leo wasomaji wa habari hutaja kinu cha nyuklia pasipo mtu kushangaa. Hata hivyo hakuna kati ya hivi chenye uhusiano na kiumbe hai kama mbuzi, na hakuna kinachotegemea upatanisho kiasi hicho ili kieleweke.

Mashine ya umeme inayokuna nazi sokoni, je, nayo ni mbuzi?

Sijasikia mtu yeyote Marikiti wala Kongowea akiiita hivyo. Huitwa mashine, basi. Nadhani sababu ni ileile niliyoieleza juu ya umbo: mashine haina mgongo wa kukaliwa wala shingo iliyonyooka, kwa hiyo haikumkumbusha mtu mnyama yeyote. Kile kikuno kidogo cha kushikizwa ukingoni mwa meza, chenye mkono wa kuzungusha, kiko katikati. Mimi nikiandika hukiita mbuzi ya mezani, na ninaona kwamba wasomaji hunielewa, ingawa sidai kwamba jina hilo limekubaliwa.

Kitenzi, kwa upande wake, hakijabadilika. Mama anayeniuzia nazi Kongowea ana mashine yake inayovuma kutwa, na bado humuuliza kila mteja, "Nikukunie?" Mbuzi yake ya zamani ameiweka chini ya meza, imekunjwa na kuvikwa gunia. Umeme ukikatika, huitoa, huikunjua, akaikalia.